Tangazo lenye muhuri lisilosomeka: dhana potofu na ukweli kuhusu tovuti za vyuo vikuu

Dirisha la udahili likifunguliwa Tanzania, safari yote ya kuingia chuo kikuu hupita mtandaoni. Unaomba nafasi kwenye mfumo wa chuo, unaomba mkopo kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, na ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja kwa namba maalumu kabla muda haujaisha. Kisha kuna usajili wa kozi, namba ya malipo ya ada, ratiba ya mitihani, matokeo. Mwanafunzi asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino au asiyeweza kushika mausi anapita njia hiyohiyo. Yanayomkwamisha ni mambo ya kawaida ya ofisini, na mengi yanalindwa na dhana ambazo si za kweli.

"Wenye ulemavu ni wachache, na hakuna aliyewahi kulalamika"

Aliyeshindwa kufungua akaunti ya kuombea chuo hana pa kuandikia malalamiko. Anakwenda steshenari, anamtajia kijana wa kaunta nenosiri lake na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne mbele ya watu walio kwenye foleni, kisha anaomba Mungu kozi ziwe zimejazwa kama alivyosema. Fomu inapokelewa, mfumo hauonyeshi kasoro, na ofisi inaamini tovuti iko sawa. Ukimya wa namna hiyo hauthibitishi chochote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote, wana ulemavu mkubwa. Hapo hujamhesabu aliyevunjika mkono wiki moja kabla ya usajili.

"Asiyeona atasomewa na mwenzake"

Anasoma mwenyewe. Kisoma skrini ni programu inayotamka kwa sauti kilichoandikwa kwenye kompyuta au simu. JAWS inauzwa, lakini NVDA ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni. Simu nyingi za Android zina TalkBack tayari.

Mtumiaji wa NVDA hasikilizi ukurasa wote kuanzia juu. Anabonyeza herufi H na kurukia kichwa cha habari kinachofuata, au anafungua orodha ya viungo na kuchagua anachotaka. Sasa fikiria mwandishi wa ukurasa amekoleza wino tu badala ya kuweka kichwa cha habari halisi kinachotambulika na programu: H haina pa kwenda. Na kila kiungo kikiwa kimeandikwa "Bofya hapa", orodha inasomeka bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa, bila kujua kipi ni cha ada na kipi ni cha hosteli. Kiungo kingeandikwa "Pakua fomu ya hosteli", mambo yangekuwa yameisha.

Kuna kosa jingine ambalo halitajwi sana, nami naliona kubwa. Violezo vingi vya tovuti huja na lang="en", alama inayosema ukurasa ni wa Kiingereza, kwenye msimbo wake, na hubaki hivyo hata maudhui yakiwa ya Kiswahili. Kisoma skrini kinaufuata msimbo. Kinachukua sauti ya Kiingereza na kuanza kutamka "udahili" na "ada ya mwaka wa kwanza" kwa irabu za Kiingereza, mpaka msikilizaji hajui anasomewa nini. Dawa yake ni kuandika sw badala ya en, na kama ukurasa umechanganya lugha, kila sehemu ipewe alama ya lugha yake. Sauti ya Kiswahili ipo: eSpeak NG, programu ya kutamka inayokuja ndani ya NVDA, inakijua Kiswahili.

"Tumeshapandisha PDF, kila mtu apakue"

Hapa ndipo vyuo vinapowaangusha wanafunzi wengi zaidi, kwa maoni yangu. Tangazo linachapwa kwenye kompyuta, linatolewa kwenye printa, linasainiwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, kisha linapandishwa. Lilianza likiwa maandishi safi ambayo kisoma skrini kingeyasoma bila shida, likaishia kuwa picha ya karatasi. Asiyeona akilifungua anaambiwa hati ni tupu. Mwenye uoni hafifu akilikuza anaona herufi zilizochakaa zikitoka nje ya skrini. Hata anayeona vizuri hawezi kutafuta jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa, anabaki kushusha kurasa kwa kidole. Na faili lenyewe ni zito, linakula bando.

Saini na muhuri vina kazi yake, na nakala yake ikae masijala. Kwenye tovuti, maneno ya tangazo yawekwe ndani ya ukurasa wenyewe, na nakala iliyosainiwa iambatishwe chini kwa anayeihitaji. Vivyo hivyo kwa mabango yanayotengenezwa kwa ajili ya WhatsApp kisha kubandikwa kwenye tovuti: tarehe, mahali na masharti yaandikwe pia kama maandishi. Picha inayobeba ujumbe ipewe maelezo mbadala yanayosema ujumbe huo. "Picha" au jina la faili kama IMG_2043 halimsaidii mtu.

"Viziwi wanaona, hivyo tovuti haiwahusu"

Video ya mkuu wa chuo ya kukaribisha mwaka wa kwanza, isiyo na maandishi chini wala mkalimani wa lugha ya alama, inawahusu. Mfumo ukigoma na msaada pekee ukawa "piga simu namba hii", inawahusu zaidi. Weka SMS, WhatsApp au baruapepe kando ya namba hiyo. Tukumbuke pia kwamba kwa viziwi wengi lugha ya alama ndiyo lugha ya kwanza, na Kiswahili cha maandishi ni cha pili, kwa hiyo maelekezo ya usajili yenye sentensi ndefu za kisheria yanawafungia nje hata kama hayana sauti yoyote.

"Tutanunua kitufe cha ufikivu, kitamaliza yote"

Ufikivu ni tovuti kuweza kutumiwa na kila mtu, akiwemo mwenye ulemavu. Vitufe hivyo ni zile programu zinazoongeza alama ya mtu pembeni mwa ukurasa na kuahidi kurekebisha tovuti nzima. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kwa kudai kuwa bidhaa yake ingeifanya tovuti yoyote itimize WCAG, yaani miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti. Kitufe hakiwezi kujua tangazo lililoskaniwa lilikusudia nini. Fedha hiyo ni bora ilipe mafunzo ya wanaopandisha matangazo.

Wanaodai kwamba ufikivu unaharibu sura ya tovuti nawajibu kwa kifupi: WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki, na mwanafunzi mwenye ualbino ndiye wa kwanza kuumia.

"Ni hisani, tutafanya bajeti ikiruhusu"

Ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu unaitaja intaneti waziwazi katika ibara ya 9. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, kisha Tanzania ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inataja haki ya kufikia habari pamoja na mahali pote na usafiri wa umma.

Kuahirisha nako kuna gharama. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000 za mihadhara badala ya kuziwekea maandishi, baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kukuta kasoro za ufikivu. Waliopoteza ni wasikilizaji wa dunia nzima. Ingekuwa rahisi zaidi kuziandikia kila moja ilipokuwa ikirekodiwa.

"Hiyo ni kazi ya TEHAMA"

Nusu ni yao: fomu zenye majina ya visanduku, mfumo usiomtoa mtu nje kabla hajamaliza kujaza, kosa linaloelezwa kwa maneno badala ya rangi nyekundu peke yake. Nusu nyingine ni ya msajili, maktaba, idara na yeyote mwenye ruhusa ya kupandisha faili.

Jaribio la kwanza halihitaji mtaalamu. Weka mausi pembeni, ingia kwenye akaunti ya mwanafunzi, na ukitumia Tab na Enter tu, sajili kozi mpaka mwisho. Andika kila mahali ulipokwama. Kisha waite wanafunzi wanaotumia kisoma skrini wafanye kazi ileile mbele ya waliojenga mfumo, na walipwe kwa muda wao kama mshauri mwingine yeyote.