Wajibu wa makazi kwenye mkataba wa huduma ni kitu gani hasa

Juzi jioni dada mmoja wa kikundi chetu hapa Malindi, upande wa Kisumu Ndogo, alinijia na makaratasi ya tenda, kurasa arubaini na kitu, kazi yenyewe ni kuhudumia wazee waliokimbia makwao na vijana wanaoacha unga, yaani heroini. Akaniambia yote ameyasoma ila kuna mstari mmoja unamnyima usingizi. Mstari wenyewe unasema mtoa huduma ahakikishe wanufaika wanapata makazi yanayofaa. Basi, hakuna zaidi. Risiti za mafuta ya gari zina ukurasa mzima, kibao cha kubandika mlangoni kimeandikiwa mpaka rangi, lakini mahali mtu atakapolaza kichwa pamepewa mstari mmoja. Akaniuliza, sasa hapa tukitia saini tunajifunga na nini? Nilimjibu pale pale nusu nusu, hapa nataka nilijibu vizuri manake najua kuna vikundi vingi Kilifi na Lamu vinasaini mistari kama huo kila mwaka.

Tuanze na hilo neno makazi, lakini makazi yenye msaada, manake ndo yanayozungumzwa hapa. Ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza ni nyumba au chumba ambacho mtu anakaa kama mpangaji mwengine yeyote, ana ufunguo wake, hakuna tarehe ya kuambiwa muda wako umekwisha. Cha pili ni watu wanaokuja kumsaidia kulingana na haja yake, mmoja atasaidiwa dawa, mwengine kuandikisha kitambulisho, mwengine kupelekwa hospitali tu na kurudishwa. Ukitoa cha kwanza unabaki na huduma ya mtaani, ukitoa cha pili unabaki na chumba cha kupanga na mtu mgonjwa ndani yake peke yake. Kwa hivyo soba hausi, yaani nyumba ya kukaa kwa muda mtu akiacha ulevi au unga, ile ya miezi mitatu, siyo makazi yenye msaada, hata ikiwa nzuri vipi. Na hifadhi pia siyo. Sote huku tunajua habari ya wazee wanaosingiziwa uchawi kwa sababu ya mvi au shamba wanalotakiwa waachie, na tunajua Kaya Godoma kule Ganze imewapokea wengi wakabaki hai, Mungu awalipe walioianzisha. Lakini hifadhi ni mahali pa kukimbilia, na mzee wa miaka sabini na tano hawezi kuishi maisha yake yaliyobaki kama mtu aliye mbioni.

Fikra hii haikuanza jana. Zamani karibu kila mahali utaratibu ulikuwa ni ngazi, yaani uache ulevi kwanza, unywe dawa, uonyeshe tabia, ukifika juu ndo upewe nyumba. Mwaka 1992 pale New York mwanasaikolojia Sam Tsemberis na wenzake wakaupindua, wakawapa nyumba watu waliokuwa wakilala barabarani na maradhi ya akili, bila kuwawekea sharti la kuacha chochote kwanza, msaada ukaja baadaye na mtu akawa na hiari nao. Finland wakaifanya sera ya nchi kuanzia 2008. Canada wakaijaribu kwa utafiti mkubwa, miji mitano, watu kama elfu mbili, na waliopewa nyumba kwanza walikaa ndani ya nyumba zao kwa muda mrefu zaidi kuliko wale wa huduma za kawaida. Ukifikiria haishangazi. Jaribu we kunywa dawa kwa saa zake ukiwa unalala kibarazani kwa watu.

Hapa kwetu mfano uko wazi kabisa. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, iko ndani ya hospitali ya Malindi tangu 2015, na methadoni ile mtu anakunywa kila siku mbele ya muuguzi, hapewi abebe nyumbani hovyo. Kijana anayekaa Shella au Barani anafika kwa miguu. Huyo huyo ukimhamishia kwenye nyumba nzuri ya bei rahisi huko ndani kabisa, nauli ya kwenda na kurudi kila siku anaipata wapi? Siku tatu akikosa mwili unamuuma, anarudi maskani kwenye unga. Kwenye ripoti itaandikwa kwamba amepatiwa makazi yanayofaa, na kweli kuta ziko na bati liko. Umbali peke yake unaweza kuifanya nyumba isifae, na mstari ule wa tenda hausemi chochote kuhusu umbali.

Sasa tuje kwenye neno wajibu, na hapa ndo naomba mtu asome polepole.

Mkataba wa huduma una pande mbili, anayelipa, awe kaunti au wizara au mfadhili, na anayefanya kazi, yaani kikundi au shirika. Yule mzee mwenyewe, yule kijana mwenyewe, hajasaini popote. Anatajwa kila ukurasa lakini si mtu wa mkataba. Na sheria ya mikataba tuliyoirithi kwa Waingereza inasema aliye nje ya mkataba hawezi kuudai, hata kama mkataba wenyewe umeandikwa kwa faida yake. Mahakama ya Rufani ya Kenya iliishikilia kanuni hio kwenye kesi ya Agricultural Finance Corporation na Lengetia mwaka 1985. Uingereza kwenyewe walishailegeza kwa sheria ya 1999, mtu wa tatu anaweza kudai ikiwa mkataba ulimkusudia. Kwa hivyo ukiniuliza wajibu wa makazi ni wajibu kwa nani, jibu la kisheria linaniuma: kwa kuandikwa vile, ni wajibu wa kikundi kwa yule anayelipa. Mzee akitolewa chumbani kesho, anayeweza kulalamika kwa mkataba ni mlipaji, na mlipaji saa nyengine ndo huyo aliyekata pesa.

Sisemi kwamba mzee hana kitu. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya nyumba inayofikika na ya kutosha, cha 57 kinawataja wazee kwamba waishi kwa heshima na wapate matunzo ya familia na serikali, cha 21 kinazilazimisha taasisi za serikali kushughulikia haja za wanyonge, na cha 22 kinaruhusu mtu mwengine aende mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe. Pia Kenya iliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinasema mtu achague anakaa wapi na anakaa na nani. Hayo ni mazito na mtu asiyadharau. Lakini kesi ya katiba ni wakili, ni miezi, ni kwenda na kurudi kortini, na mtu amelala nje usiku wa leo.

Dawa yake si ngumu, na ndo kitu kimoja ningependa kila kikundi kikidai: mkataba mkubwa umlazimishe mtoa huduma ampe kila mkaazi karatasi yake ya upangaji, kwa jina lake, ameielezwa kwa lugha anayoifahamu, kama ni Kigiriama basi Kigiriama, akatia saini au dole gumba, na nakala akabaki nayo yeye. Kuanzia hapo ana mkataba wake mwenyewe na ana pa kusimama. Marekani kwenye makazi ya namna hii yanayolipwa na serikali kuu wanaandika hivyo, karatasi ya mwaka mmoja angalau, inayoweza kuongezwa, na mtu hatolewi mpaka kuwe na sababu. Nusu ya maneno haya yangepungua kama na sisi tungekuwa na hio karatasi ya ukurasa mmoja.

Karatasi hio iseme jambo moja waziwazi, kwamba kukataa huduma si sababu ya kutolewa. Nimeliona kwa macho yangu. Kuna nyumba moja hapa mjini, siitaji, kijana alikuwa ametulia kabisa, amepata kibarua cha kupaa samaki pale jeti, akaacha kuhudhuria vikao vya ushauri vya saa nne asubuhi kwa sababu saa nne samaki ndo wanashuka. Wakamwandikia kwamba hashirikiani. Wiki ya pili godoro lake liko nje. Alikuwa amefanya kile kile tulichokuwa tunamwombea dua akifanye, apate kazi, na kazi ndo ikamtoa nyumbani! Hii inatokea pale ambapo mwenye nyumba na mtoa msaada ni mkono mmoja, ufunguo na huduma viko mfukoni mwa mtu yule yule. Ndo maana wanaojua kazi hii wanavitenganisha, nyumba iwe kwa mwenye nyumba wa kawaida au chombo kingine, msaada uwe kwa kikundi, na kimoja kikivunjika kingine kibaki.

Halafu hilo neno yanayofaa. Neno legevu kwenye mkataba ni pesa kwa mtu mjanja, na siyo huku tu. Uingereza kulikuwa na utaratibu kwamba mwenye nyumba anayewapa wapangaji wanyonge matunzo au usimamizi analipwa kodi ya juu na serikali kuliko kawaida, na mahakama zikatafsiri kwamba msaada huo unatosha tu ukizidi kiasi kidogo kabisa. Basi watu wakanunua majumba, hasa Birmingham, wakajaza vyumba, msaada ukawa ni mtu kugonga mlango mara moja kwa wiki kuuliza kama uko sawa. Wagonjwa, waliotoka jela na wanawake waliokimbia vipigo, wakachanganywa chini ya paa moja. Ilibidi bunge lao litunge sheria ya kusimamia makazi hayo mwaka 2023. Nchi yenye maafisa wa kukagua kila kona ilizidiwa na neno moja legevu, sisi tukiliacha hivyo hivyo tunategemea nini?

Kwa watu wa pwani neno kufaa lina maana inayojulikana, si lazima tuazime. Nyumba yetu ina sitara. Mama mtu mzima awe na mlango unaofungwa kwa ndani, choo asikifuate usiku kwa kupita mbele ya wanaume, maji yawe karibu, wanawake na wanaume wasilazwe ubavu kwa ubavu eti kwa sababu bajeti ni ndogo. Pawe na baraza ya kukaa jioni, aonekane na watu na yeye awaone, manake upweke unamuua mzee kabla ya maradhi. Na bibi aliyetoka shamba kule Bamba au Marafa atataka kipande cha ardhi cha kupanda mchicha na kufuga kuku wawili. Haya yote yanaandikika! Kwamba ngazi isiwepo kwa asiyeweza kupanda, kwamba mlango wa kutokea moto ukizuka usifungwe kwa kufuli, hayo watu huyakumbuka. Sitara wanaisahau kila mara.

Kuhusu nani analipa kodi nitasema kwa ufupi. Iandikwe nani analipa, siku gani, na pesa zikichelewa nani anaziba. Pesa za Inua Jamii, zile serikali inazompa mzee wa miaka 70 na zaidi, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, hazitoshi chumba na chakula, kwa hivyo anayesema mkaazi achangie aseme pia mwisho wake ni kiasi gani. Kule Marekani kwenye makazi hayo ya serikali kuu, kwa kawaida mkaazi hachangi zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake. Na mkaazi asitolewe kamwe kwa deni ambalo si lake, yaani kaunti imechelewesha malipo, kikundi hakijalipa kodi, mwenye nyumba anamfungia mlango bibi wa watu.

Lililobaki ndo kubwa kuliko yote, na hakuna tenda niliyoisoma mimi iliyolisema. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Mikataba mingi inaisha siku hio. Juni kwetu kusi linavuma, mvua haijaisha vizuri. Sasa mkataba ukiisha usiku wa tarehe 30, mzee analala wapi tarehe 1 Julai? Mkataba wa kufagia soko ukiisha soko linabaki chafu siku kadhaa, halafu anakuja mwengine anafagia. Huyu ni mtu, ameweka picha ya marehemu mumewe ukutani, amejua jirani mwenye chumvi ni nani. Wajibu wa makazi usiosema kitu kuhusu siku ya baada ya mkataba bado haujawa wajibu wa makazi, kwa maoni yangu ni wajibu wa kumlaza mtu kwa muda.

Basi tulikaa na yule dada baada ya isha, tukaupanua ule mstari, tukaupeleka kama pendekezo la kurekebisha kabla ya saini. Unasomeka hivi sasa: Kila mkaazi atapewa mkataba wake wa upangaji kwa jina lake na kwa lugha anayoifahamu, chumba chenye sitara na maji, mahali ambapo huduma anayoitegemea kila siku anaweza kuifikia, hatatolewa kwa kukataa huduma wala kwa deni la mwengine, na mkataba huu ukiisha au ukivunjika, anayelipa ataendelea kulipa kodi ya mkaazi kwa miezi sita au mpaka mtoa huduma mwengine ashike, lolote litakalotangulia, na mkaazi atabaki alipo.

Hio miezi sita tuliibishania sana, yeye alitaka mwaka.