Je, wajua? Kwa nini Vitz ya zamani ikivalishwa magurudumu makubwa huwa nzito na mita yake husoma pungufu

Vitz ya kwanza, ile Toyota iliyotoka Japani mwaka 1999 na kutengenezwa hadi 2005, bado imejaa barabarani kwetu. Ulaya iliuzwa kwa jina la Yaris na ikachaguliwa Gari Bora la Mwaka 2000. Toleo la kawaida lina injini ya cc (sisi) 997 na tairi za 155/80R13, na hizo tairi ndizo zinazowakera wenye nazo. Mmoja anaziona ndogo mno, anataka gari lipendeze. Mwingine amechoka kukwaruza bampa kwenye matuta na makorongo ya mtaani. Wote wawili wanafika kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, na ombi lile lile: "Nipe rimu kubwa." Wakati mahitaji yao hayafanani kabisa, na muuzaji naye hana sababu ya kuwauliza.

Anza kwa kusoma ubavu wa tairi. 155 ni upana kwa milimita. 80 ni asilimia: mpira umesimama kutoka kwenye rimu kwa asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 124. 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 330. Jumlisha rimu na mpira wa juu na wa chini, gurudumu zima linapata kipenyo cha milimita 578. Hiyo 578 ndiyo ya kushika kichwani, maana gia na mita ya mwendo zilipigiwa hesabu kwa kuifuata.

Sasa mchukue yule wa urembo. Amefunga rimu ya inchi 16 na tairi ya 195/45. Asilimia 45 ya 195 ni kama milimita 88, na ukijumlisha yote unapata 582. Rimu imeongezeka inchi tatu nzima, lakini gari limepanda milimita mbili tu, nusu ya ongezeko la kipenyo. Kilichobadilika ni mpira: umepungua kutoka 124 hadi 88, na kazi kubwa ya mpira huo na upepo uliomo ndani yake ni kubonyea gari likiingia shimoni. Ukiwa mwembamba, ukingo wa shimo unaubana dhidi ya rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona nundu ubavuni. Tairi yenye nundu haizibwi, hununuliwa nyingine. Rimu ya alumini nayo hupinda au kupasuka, na mimi sishauri mtu aendeshe safari ndefu kwa rimu iliyochomelewa. Aliyefunga rimu 16 ili ayashinde mashimo amepunguza kinga aliyokuwa nayo.

Yule wa kuinua gari yeye amepewa rimu 15 na tairi za 185/65. Kipenyo kimefika milimita 621. Gari limepanda nusu ya tofauti, kama sentimita mbili, na kweli matuta yanampungukia. Ila hizo sentimita mbili zina gharama yake.

Mita ya mwendo haioni barabara. Inahesabu mizunguko, halafu inazidisha kwa urefu wa tairi ya kiwandani. Tairi ya zamani kwa mzunguko mmoja ilitembea milimita 1,816, hii mpya inatembea 1,952. Ongezeko ni asilimia saba na nusu, na mita haina habari. Kwa hiyo mita ikisoma 100 kwa hesabu ya tairi za zamani, gari liko 107. Ikisoma 50 kwenye eneo la makazi, uko karibu 54, na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo hatapokea maelezo ya rimu. Watengenezaji huweka tahadhari hapa: Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu mita za mwendo inakataza mita kuonyesha chini ya mwendo halisi, ila inaruhusu kuzidisha kidogo. Ndiyo maana mita nyingi husoma juu kwa kilomita chache, na ziada hiyo inaweza kukufunika kiasi. Usiitegemee. Pima kwa simu yenye GPS kwenye barabara iliyonyooka, abiria ndiye aisome, mjue tofauti yenu ni ngapi.

Mita ya kilomita nayo inasoma pungufu. Oili uliyozoea kumwaga kila kilomita 5,000 sasa unaimwaga baada ya 5,375. Na mtu akikuambia gari lake "linakunywa zaidi" tangu abadilishe tairi, muulize kwanza amepigaje hesabu, kwa sababu kilomita alizogawanya si zile alizotembea.

Uzito wenyewe sasa. Injini haisukumi barabara moja kwa moja. Inazungusha ekseli, na nguvu inayofika chini ni ile nguvu ya kuzungusha ikigawanywa kwa kimo cha kutoka katikati ya gurudumu hadi lami. Kimo kikiongezeka kwa asilimia saba na nusu, nguvu ya kusukuma inapungua kwa asilimia saba. Ni kama vile kila gia imerefushwa. Kwenye gari lenye injini kubwa hutambui. Kwenye sisi 997, ukiwa na watu wanne na mizigo, ukianza kupanda mlima mkali kama Kitonga, unatambua mara moja: pale ulipokuwa unapita na gia ya tatu, sasa unarudi ya pili, na ya otomatiki inasita kubadilisha. Breki zinaumia kwa hesabu hiyo hiyo. Diski ni ile ile, gurudumu limekuwa refu, kwa hiyo lazima ukanyage zaidi kupata matokeo ya jana.

Halafu kuna kilo zenyewe. Rimu pana na tairi pana huongeza uzito, na uzito huo unakaa mahali pabaya kuliko pote, pembeni mwa kitu kinachozunguka. Unapoongeza mwendo, kilo iliyo kwenye ukingo wa gurudumu lazima isukumwe mbele na pia izungushwe, hivyo injini huihisi karibu kama kilo mbili. Isitoshe gurudumu liko chini ya springi. Likiwa zito, shokapu hushindwa kulirudisha chini haraka baada ya tuta, gari linarukaruka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, na beringi, bushi na boljointi huchoka mapema.

Hapo ndipo umri wa gari unapoingia. Vitz ya 2002 ambayo bado ina springi zake za Japani haiko kwenye kimo ilichotoka nacho. Springi zimelala, wakati mwingine kwa kiasi kinachozidi hizo sentimita mbili ulizokuwa unazitafuta kwenye tairi. Egesha gari mahali tambarare, bila mzigo, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, umeshapata jibu. Nadhani wengi wanaokimbilia rimu kubwa wangepata wanachotaka kwa springi mpya na shokapu nzima, bila kugusa mita wala gia.

Ukiamua kubadilisha rimu bado, angalia vitu ambavyo macho hayavioni. Vitz hii ina matundu manne ya bolti kwenye duara la milimita 100, na magari mengi madogo yana mpangilio huo huo, kwa hiyo rimu ya Honda au Volkswagen itaingia. Lakini tundu la katikati la Toyota ni milimita 54.1, la Honda ni 56.1. Rimu ya Honda itakaa ikiwa na nafasi ya milimita moja kila upande, haitashikwa na habu, kile kitovu ambacho gurudumu hukalia, itaning'inia kwenye bolti. Ukifika kilomita 80 kwa saa usukani unatetemeka, unarudi kubalansi mara ya tatu bila mafanikio. Dawa yake ni pete ndogo ya kuziba nafasi hiyo, na bei yake si kubwa. Angalia na nati. Rimu nyingi za alumini za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa, rimu nyingi za dukani zinataka nati yenye kichwa cha koni. Nyuzi zake ni zile zile, kwa hiyo zitafunga vizuri tu mbele ya macho yako, lakini zimeshika sehemu ndogo ya rimu na hulegea zikiwa njiani. Tumia nati inayotakiwa na rimu yako, kisha kaza tena baada ya kilomita hamsini hivi.

Nyuma ya rimu kuna herufi ET na namba. Hiyo inaonyesha rimu imeingia ndani kiasi gani. Namba ikishuka sana, gurudumu linatoka nje ya fenda, usukani unavutwa na kila shimo, na beringi inabeba mzigo isiopangiwa. Ikipanda sana, tairi inasugua shokapu. Jaribu kabla hujalipa: watu wanne ndani, kata usukani hadi mwisho, rudi nyuma, kisha pita kwenye tuta taratibu. Ukisikia mkwaruzo, usikubali fundi apige nyundo ukingo wa fenda. Rangi inapasuka, na kwa wa Tanga, Dar au Mombasa hewa ya chumvi humaliza kazi iliyobaki.

Kwa gari hili mimi ningechagua 175/65R14, saizi ambayo kiwanda chenyewe kiliifunga kwenye baadhi ya matoleo. Kipenyo ni 583, tofauti haifiki asilimia moja, mpira bado una milimita 114, na gari linasimama vizuri zaidi. Anayetaka kimo anaweza kwenda 175/70R14: linapanda sentimita moja na mita inakosea kwa asilimia nne, na hapo ndipo ningesimama. Hakikisha pia namba ya mzigo haishuki. Tairi ya asili imeandikwa 79, maana yake kilo 437 kwa kila tairi.

Na ile spea ya inchi 13 iliyobaki kwenye buti? Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Ukifunga dogo upande mmoja wa mbele na kubwa upande wa pili, defu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, inalazimika kuzunguka muda wote hata unapokwenda moja kwa moja, na oili yake inachemka. Pancha ikiwa ya mbele, toa gurudumu zima la nyuma ulipeleke mbele, spea ikae nyuma, uendeshe taratibu hadi kwa fundi wa tairi wa karibu.