Tairi Si Ndogo, Umeanzia Kwenye Valvu

Jumamosi asubuhi kijana mmoja aliingia kibandani kwangu, hapa Nakuru karibu na uwanja wa Afraha, ameshika gurudumu la mbele la baiskeli. Tairi ilikuwa imeingia nusu, nusu nyingine inaning'inia. "Fundi, hii tairi uliyoniuzia ni ndogo." Ukingo wa rimu ulikuwa umechubuliwa na bisibisi mahali patatu. Tyubu, mpya kabisa, ilikuwa na matundu mawili yanayotazamana. Nikaitoa tairi yote, nikatia tyubu nyingine, nikairudisha kwa mikono mitupu huku anaangalia.

Huyo ni wa nne mwezi huu, na wote wanne wana neno moja: ndogo.

Suala la saizi tulimalize haraka. Soma ubavuni mwa tairi. Ikiandikwa 25-622, hiyo 622 ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali waya ya tairi, ile iliyofichwa ukingoni mwake, inapokaa kwenye rimu. Rimu ya baiskeli ya mbio ya 700C ni 622. Ukiwa na baiskeli kuukuu ya mtumba yenye magurudumu ya inchi 27, hiyo ni 630, na hapo una haki ya kulalamika: tofauti ya milimita 8 kwenye kipenyo ni kama milimita 25 kwenye mzunguko, na hakuna mkono utakaozipata. Baiskeli ya Black Mamba ya inchi 28 ni 635, mbali zaidi. Lakini namba zikilingana, acha kuisingizia tairi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Nina kipande cha rimu nilichokikata kwa msumeno wa chuma, nakiweka mezani kwa ajili ya watu kama huyu kijana. Ukikitazama kwa ubavu utaona vibaraza viwili, kimoja kila upande, na katikati yake mfereji. Tairi ikishajaa upepo, waya hukaa kwenye vibaraza. Wakati wa kuivalisha, waya inapaswa kuwa mfereji­ni. Tuseme mfereji una kina cha milimita 3. Waya ikishuka humo mzunguko wote, kipenyo inachokizunguka kinapungua milimita 6, na mzunguko unapungua karibu milimita 19. Hizo milimita 19 ndizo unazohitaji ili kuvusha kile kipande cha mwisho juu ya ukuta wa rimu. Waya haivutiki, kwa hiyo hakuna mahali pengine pa kuzipata.

Na ni sehemu gani ya gurudumu ambayo waya haiwezi kushuka? Kwenye valvu, pale unapotilia upepo. Kitako cha valvu ni mpira mnene, kimekaa katikati ya mfereji. Ukianzia hapo, kama karibu kila mtu anavyofanya kwa sababu tyubu huanza kuingia hapo, waya inakaa juu ya kile kitako, nawe unamalizia upande wa pili ukiwa umejinyima nafasi mahali ulipoihitaji zaidi. Anzia mkabala na valvu. Malizia kwenye valvu.

Zile sentimita kumi na tano za mwisho zikigoma, watu huzidisha nguvu palepale. Hapo ndipo bisibisi hutoka mfukoni, na hapo ndipo tyubu hufa. Acha hapo! Rudi upande wa pili, finya kuta zote mbili za tairi zikutane katikati ili waya zishuke mfereji­ni, kisha uje nazo taratibu kuelekea valvu, mikono yote miwili, unafinya na kuvuta kama mtu anayekamua ng'ombe. Fanya hivyo mara mbili, mara tatu. Ulegevu utauona kwa macho. Halafu sukuma kwa kiganja, pale paliponona chini ya kidole gumba, na tairi itaruka ndani.

Tyubu itie upepo wa kuipa umbo tu. Wapo wanaoijaza ili ikae vizuri, na wanakuwa wameuziba mfereji kwa mikono yao wenyewe. Utepe wa rimu, ule unaotandikwa mferejini chini ya tyubu, nao: ule mnene uliokatwa kwenye tyubu ya pikipiki unakula kina chote. Weka mwembamba. Maji ya sabuni husaidia mpira kuteleza, ila hayaongezi nafasi. Oili usiitumie, inaharibu mpira.

Kuna lisilokaa sawa kichwani mwangu, na sitalificha. Nimekutana na tairi na rimu, zote 622, hasa rimu za kutumika bila tyubu ambazo mfereji wake ni wa kina kifupi na zina kijituta kando ya kibaraza, na nikafanya yote haya kwa utaratibu, na bado nikavunja liva mbili za plastiki za kuvalishia tairi. Namba ni moja lakini viwanda havikati sawasawa. Hapo namwambia mteja abadilishe tairi, hata kama nimeshaivalisha. Maana atapata pancha siku moja kule Mbaruk, kwa zile nyuzi za chuma zinazomwagwa na tairi za malori pembeni mwa barabara kuu, mvua inanyesha, na mikono yake haitafika ilipofika yangu. Kuhusu kuianika tairi mpya juani, mimi huianika, maana ile iliyouzwa imekunjwa hufunguka na kushikika vizuri. Kwamba waya yenyewe hurefuka juani, siamini.

Ukishaivalisha, sukuma valvu ndani kuelekea tairi, kisha ivute irudi, ili kitako kisiwe kimebanwa chini ya waya. Zunguka pande zote mbili ukipekua kama tyubu inachungulia. Tia upepo kidogo, zungusha gurudumu, tazama ule mstari mwembamba wa tairi juu ya ukingo wa rimu. Mstari ukizama karibu na valvu, toa upepo, sukuma valvu tena, uanze upya kabla hujaongeza hata pampu moja.