Skrini ya kugusa ndani ya gari ni nini?

Ni kile kioo cha katikati ya dashibodi kinachobeba kazi za swichi nyingi kwa pamoja: redio, AC, simu, ramani, kamera ya nyuma. Unagusa picha ya swichi, na kompyuta ya gari inatekeleza. Kioo kina umeme mdogo sana uliotandazwa juu yake, na kidole huuvuruga pale kinapogusa. Ndiyo maana matone ya maji huichanganya.

Wazo lenyewe si geni. Buick Riviera ya 1986 ilikuwa nayo. Lakini Tesla Model S ya 2012, na skrini yake ya inchi 17, ndiyo iliyowatia watengenezaji wengine tamaa. Wanakwambia ni usasa. Mimi naona ni hesabu ya pesa. Kila swichi yataka umbo lake, waya wake na mtu wa kuipachika. Picha huchorwa mara moja tu, na hata gari likishauzwa yaweza kubadilishwa bila kufungua skrubu.

Tatizo ni macho. Swichi ya feni, ile ya kuzungusha, dereva huipata kwa kupapasa huku anatazama barabara. Skrini ni laini kotekote, kwa hivyo lazima aitazame. Ukitoka Malindi kwenda Kilifi kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Tafuta AC ndani ya menyu kwa sekunde tatu: mita 66 hujaona kitu, na karibu na Gede tuktuk ishajitokeza kutoka njia ya Watamu.

Jarida la Vi Bilägare la Sweden lilipima jambo hili mwaka 2022. Magari yalikwenda kilomita 110 kwa saa na dereva akapewa kazi nne ndogo. Volvo V70 ya 2005, yenye swichi za kawaida, ilimaliza kwa sekunde 10. MG Marvel R, ya skrini, ilichukua sekunde 44.9. Tangu 2026, Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wanapunguza alama za gari lisilo na swichi halisi za indiketa, hazadi, honi na waipa.

Kwetu jambo hili linaingia taratibu, kwa sababu magari mengi hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Mengi huja na skrini za maandishi ya Kijapani na redio isiyoshika stesheni zetu za FM zenye namba za juu. Hapo fundi huing'oa na kuweka ya Android, kazi imekwisha. Lakini AC ikiwa imo ndani ya skrini ileile, hawezi kuing'oa hivihivi. Kabla ya kulipa, izime skrini, kisha ujaribu kuongeza baridi. Kwa joto la Malindi la Februari, utataka kujua mapema.