Hakuna Pori Lisilo na Mtu

"Risasi ikikosa si inapotelea porini tu?"

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani. Aliyeisema si mtoto wa mjini asiyejua mtutu na kitako. Ni mtu mwenye leseni, mwenye raifo nzuri iliyofungwa darubini ya bei ya bodaboda mpya. Nilimaliza kahawa yangu nikanyamaza, maana mtu mzima hafundishwi mbele ya wenzake barazani. Lakini hapa ni kwangu, acha niseme.

Kazi yangu ni kuongoza wawindaji. Wengine wageni, wengine watu wetu wa hapa Tanga na Dar wanaopanda na vibali vyao kwenda Handeni na Kilindi. Majangili siwaongelei, hao wana watu wao wa kuwashughulikia. Naongelea wenye karatasi zote, kibali, leseni ya silaha, picha za pasipoti, ambao wakishafika porini wanaamini kila kitu kisicho mnyama wao ni nafasi tupu.

Hesabu ya risasi inafika umbali gani kwanza, na nitaipitisha haraka. Marisau, yaani zile punje za risasi ya shotigani, yakiwa madogo ya ndege, namba 6, yanachoka kabla ya mita 250. Marisau makubwa ya kupigia nguruwe yanaweza kuvuka mita 500. Ile risasi moja nzima ya shotigani inapita kilomita. Raifo sasa, kwa ukubwa wa risasi zake: .22, ambayo watu wanaiita ya watoto, inafika zaidi ya kilomita 1.5. .30-06 inakwenda kilomita 3, na zikiwa zile zilizochongwa vizuri nyuma, inakaribia 5. .375, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote tunazoruhusiwa kumpigia nyati au tembo, nayo haiko nyuma sana. Sijasema itaua popote iendako. Nasema itafika, na ya raifo ikifika inaweza bado kuingia mwilini.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Watu wakisikia kilomita 3 wanasema, "Ah, hiyo mpaka uelekeze mtutu juu makusudi, na nani anapiga juu?" Wewe unapiga juu. Jioni, kanga wakishapanda mitini kulala. Waliosoma fizikia kidogo watakuambia pembe ya kurusha mbali ni nyuzi 45. Hiyo ni ya darasani, ambako hakuna hewa. Hewa inaivuta risasi, na kwa raifo pembe inayoitupa mbali kuliko zote iko karibu na nyuzi 30. Simama mita 20 kutoka kwenye shina, kanga awe kwenye tawi la mita 12, ulenge. Mtutu wako uko nyuzi ngapi? Karibu 30 hizo hizo. Yaani umechukua .22 kwa sababu ni ndogo na haina kelele, kisha bila kujua ukaichagulia pembe bora kabisa ya kumfuata mtu kijiji cha pili. Na kwa kumpiga kanga aliyelala ungepata sifa gani? Kanga hupigwa kwa marisau, akiruka, mchana. Marisau yakishuka yameshachoka. Yatakugonga kofia ukasirike, basi. Jicho ni habari nyingine, ndiyo maana navaa miwani hata nikionekana mshamba.

Haya, nitajieni hilo pori lisilo na mtu.

Kuanzia Mkata mpaka Kwamsisi, kuanzia Mwera mpaka Mkwaja, nimetembea na sijaliona. Kuna wachoma mkaa, ambao hawawezi kukuambia walipo kwa sababu wanazozijua wenyewe. Kuna warina asali, juu mtini, wamezungukwa na moshi, hawasikii kitu. Kuna wafugaji na ng'ombe wao, na siku hizi ni wengi kuliko zamani. Kuna mtu anachimba mizizi ya dawa, amepiga magoti. Kuna mgema kwenye mnazi uliobaki peke yake katikati ya shamba lililoachwa, na huyo yuko hasa kwenye ule urefu wa kanga wako wa jioni. Kuna watoto wanaotafuta mbuzi aliyepotea. Na kuna kina mama wa ukindu.

Hawa wa ukindu nawaelezea zaidi kwa sababu kila nikiwataja wawindaji wananikodolea macho. Ukindu ni yale makuti ya mkindu ya kusukia mikeka. Mkindu unapenda mabondeni na kandokando ya vijito, mahali pale pale wanapopenda pongo na nguruwe. Anayekata ukindu anaingia ndani ya kichaka, anainama, anavuta makuti ya katikati. Ukiwa nje unaona nini? Kichaka kinatikisika, kinatulia, kinatikisika tena. Hakuna sauti ya mtu, maana anafanya kazi, hapigi soga. Leso yake imefifia kwa jua, rangi yake na ya majani makavu ni moja. Nguruwe anayechimbua mizizi hutikisa kichaka hivyo hivyo kabisa. Mimi na miaka yangu yote siwezi kutofautisha, na anayesema anaweza nisingempa bunduki hata ya kupigia picha. Ndiyo maana kwangu hakuna kupiga kichaka. Unampiga mnyama uliyemwona kichwa, bega na mguu, na ukajua ni dume au jike, na ukaona kilicho nyuma yake. Ukiona sikio tu, umeona sikio.

Kilicho nyuma yake. Hapo ndipo tunapogombana.

Mwindaji wa mazoea anatazama mnyama. Mimi nikisimamisha fimbo za kulengea nimeshatazama nyuma ya mnyama kabla yake. Nataka udongo: mteremko, ukingo wa korongo, kichuguu kinene. Miti si ukuta. Mkonge si ukuta, jani la mkonge haliisumbui risasi ya raifo hata kidogo, na wakata mkonge wanaingia mistarini alfajiri kulikwepa jua, saa ile ile mnayomsubiri nguruwe anayerudi kutoka shambani. Mnyama aliyesimama juu ya kilima, mbingu nyuma yake, hapigwi. Anapendeza, najua. Mpige picha.

Hata mnyama mwenyewe si ukuta. Risasi ngumu, ile tunayotumia kwa nyati ili ifike ndani, mara nyingi inatokea upande wa pili na kuendelea na safari. Ndiyo maana nyati hapigwi akiwa na mwenzake nyuma. Mgeni anadhani nachelewesha kwa woga. Nachelewesha kwa sababu majeruhi wa pili huenda hatujui hata kama yupo, na kesho asubuhi atakutana na mtu asiye na bunduki.

Kuhusu kichuguu, vitabu vya uwindaji vinakisifu na mimi nakisifu, ila kwa shingo upande. Kichuguu cha zamani wakati wa kiangazi ni kigumu kama saruji. Ukikipiga katikati na moja kwa moja, sawa, risasi inabaki. Ukikipiga ubavuni, kwa pembe, inateleza na kuondoka, na inakoelekea hakuna ajuaye. Udongo mwekundu wenye kokoto wa kule Handeni una tabia hiyo hiyo. Vitabu vina michoro mizuri ya risasi inayoruka, mshale kutoka hapa kwenda pale, pembe imeandikwa. Nimesikia risasi zikilia baada ya kugonga chini na nawaambieni sijapata kanuni. Nikiwa na shaka na ardhi, siruhusu kupiga kwa ulalo, basi. Sina kipimo kizuri zaidi ya hicho.

Maji ndiyo mabaya kupita yote na ndiyo watu hawaamini. Risasi ikigusa maji kwa ulalo inaruka. Mtu yuko ukingoni mwa Pangani, kuna kiboko msumbufu au mamba, anapiga juu ya maji akidhani mto umeimeza. Mto haujaimeza. Imekwenda ng'ambo, au imefuata mkondo hadi kwenye kona, na kwenye kona kuna mtumbwi. Kama ni lazima kupiga kuelekea majini, panda juu ya ukingo upige kwa kuinamisha mtutu sana, mto ukiwa mtupu mbele yako kote. Na hata hapo roho yangu haitulii.

Matawi pia. Wazee wa kazi hii wanashikilia kwamba risasi nzito, pana, ya mwendo wa pole inapasua vichaka bila kuyumba. Niliamini hivyo nilipokuwa kijana kwa sababu waliosema walikuwa wazee. Siku hizi siamini. Waliojaribu kwa kupanga vijiti mbele ya shabaha wameona zote zinayumba, nzito na nyepesi. Tofauti ni ya kiasi tu. Kama kijiti kiko karibu na mnyama, huenda usijue. Kikiwa karibu nawe, risasi imeshaondoka kwenye njia yake mapema. Lakini nani ana hakika kijiti kipi aligusa?

Msako wa nguruwe mashambani unahitaji kurasa zake, nitasema moja tu. Vijana wanapanga mstari na mbwa na madebe, wenye bunduki wanasubiri upande wa pili, nguruwe katikati. Maana yake ni kwamba kila nguruwe anayekuja kwako, nyuma yake kuna mtoto wa watu anapiga debe. Nguruwe apigwe akishavuka mstari wa wenye bunduki, mtutu ukiwa umegeuzwa nje, vijana wote wakiwa mgongoni kwako. Utamkosa mara nyingi, ndiyo. Bosi mmoja aliniambia, "Mzee, kwa utaratibu wako hatutakula nyama." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Mkata kuna watu wanachoma mbuzi.

Leseni hizo mnazonitolea mfukoni hazibadilishi kitu. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda usiku na kupiga kutoka ndani ya gari, na watu wanadhani hiyo ni kuwahurumia wanyama peke yake. Usiku huoni nyuma ya mnyama. Unaona macho mawili yaking'aa, na ng'ombe naye ana macho yanayong'aa, na mwenye ng'ombe kalala pembeni yake. Ukimuua mtu kwa namna hiyo, Kanuni ya Adhabu inaita kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Kubeba sasa. Sisi tunatembea mstari mmoja mmoja, msoma nyayo mbele, na watu wengi hubeba raifo begani kitako kikiwa nyuma, mtutu wameushika kwa mkono mbele. Ni mtindo wa picha za zamani. Ukitembea hivyo mtutu unachungulia mgongo wa msoma nyayo siku nzima. Ukimwambia mwenye nayo, anajibu ameweka sefti, kile kizuizi cha kufyatua. Sefti ni kipande cha chuma ndani ya kitu cha chuma, kina mchanga, kina jasho, kinaguswa na matawi. Msoma nyayo wangu, mzee wa Kizigua ambaye ananiita mjomba ingawa ananizidi umri, hafanyi ugomvi. Anasimama tu na kukaa chini, anavuta tumbaku yake, na hatuendelei mpaka mtutu ugeuke. Mgeni anadhani tumepoteza nyayo.

Na chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa? Kitabu kinasema chemba iwe tupu mpaka dakika ya kupiga. Kwa pongo, kwa kongoni, kwa kanga, nakubali bila mjadala, na wangu wote wanakwenda hivyo. Lakini nikiwa kwenye vitalu vya Selous namfuata nyati aliyejeruhiwa ndani ya majani marefu, risasi yangu iko ndani ya chemba, na ya kila ninayemfahamu katika kazi hii iko ndani. Kitabu hakitamkabili yule nyati. Hapo hatuendi kwa mstari tena. Mwenye bunduki anakwenda ubavuni mwa msoma nyayo, na mgeni nikimwona mikono inatetemeka namwacha nyuma kwenye mti, alipe asilipe. Kama hiyo ni salama? Ni afadhali. Zaidi ya hapo siwezi kuwaahidi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu mavazi. Kombati zenye mabaka tafadhali msije nazo, hapa raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi ni kujitafutia siku mbaya. Wapiga madebe nawavalisha vizibao vya bodaboda vinavyong'aa. Vya rangi ya machungwa ni bora, kwa sababu nguruwe na swala hawaioni rangi hiyo kama sisi, kwao inafifia. Vya njano ya kung'aa sina hakika navyo, nadhani wanaviona vizuri zaidi ya tunavyofikiri, na kanga anaona rangi zote kutushinda, kwa hiyo kwa ndege unachagua: kuonekana na mwenzako au kutoonekana na kanga. Mimi nachagua mwenzangu, kanga atakuwepo wiki ijayo. Shida iliyobaki ni kwamba vya machungwa havirudi msako ukiisha. Vingine nimevikuta stendi ya Mkata vimevaliwa na madereva wasio na kofia ngumu.