Kuona kina na mwanga wa chumba: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukisoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho, basi na kina, yaani kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, unakiona vizuri.

Ukweli: Ubao hupima ukali wa kila jicho peke yake. Kina huundwa na ubongo, unapolinganisha picha mbili zinazotofautiana kidogo kwa kuwa macho yameachana kama sentimita 6. Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha hilo mwaka 1838. Mwenye makengeza tangu utotoni anaweza kusoma herufi zote, kisha picha ya nzi kwenye kitabu cha kupimia kina, ambayo kwa miwani maalumu huonekana imeinuka kutoka kwenye karatasi, ikabaki bapa mbele yake, ilhali mtoto mwingine anahangaika kuyashika mabawa hewani.

Dhana: Mwenye jicho moja haoni kina kabisa.

Ukweli: Anakiona kwa vivuli, kwa kitu kinachoziba kingine, kwa vitu vinavyosogea akisogeza kichwa. Taabu huja kwenye kazi za karibu, kama kutunga uzi kwenye sindano.

Dhana: Wakati wa kupima kina taa haina neno, mradi picha inaonekana.

Ukweli: Hapa ndipo kipimo huharibika kimyakimya. Matokeo huandikwa kwa sekunde za pembe (sekunde moja ni digrii moja ikigawanywa mara 3,600), na zikiwa chache ndiyo bora. Sekunde 40 ni matokeo mazuri: kitabu kikiwa sentimita 40 kutoka usoni, hiyo ni tofauti ya kina ya nusu milimita hivi! Udogo huo hutambuliwa na seli za koni zilizosongamana katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nazo hazifanyi kazi vizuri gizani. Mwanga ukififia, zamu hushikwa na seli za fimbo, ambazo hapo katikati kabisa hazipo. Tena miwani ya polaroidi, inayovaliwa wakati wa kupimwa ili kila jicho lipate picha yake, hula nusu ya mwanga au zaidi, hivyo chumba kinachomtosha mpimaji huwa na kiza kwa anayepimwa. Matokeo yakiwa mabaya, iangaliwe taa kabla ya kulaumiwa macho.

(Taa kali inayong'aa juu ya karatasi nayo ni balaa jingine.)

Dhana: Jicho moja likipata mwanga pungufu, jingine litafidia.

Ukweli: Ning'iniza kitu kwenye uzi, kibembee kushoto na kulia, kisha kitazame kwa macho yote mawili, moja likiwa nyuma ya kioo cheusi cha miwani ya jua. Kitaonekana kikizunguka, kwa kuwa taarifa za jicho lenye kiza huchelewa kufika kwenye ubongo. Mwanafizikia Mjerumani Carl Pulfrich aliyaeleza haya mwaka 1922. Mwenyewe hakuweza kuyaona: jicho lake moja lilikuwa limepoteza uoni.