Umehamishwa kutoka Kigoma: nyumba yako analipia nani?

Mwalimu wa Kasulu au muuguzi wa Ujiji akishika barua ya uhamisho, ushauri humfikia hata kabla hajafunga mizigo. Mwingine unapotosha, na matokeo yake ni nyumba kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Dhana: Serikali itanirudishia gharama za kuuza nyumba.

Hapana. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinahusu nauli, usafirishaji wa mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu, ambayo ni asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Ujira wa dalali, ada ya wakili na kodi ya faida ya mauzo utavibeba mwenyewe, kwa hiyo vipigie hesabu kabla ya kutaja bei.

Utaratibu wa kurudishiwa gharama hizo upo Marekani. Mtumishi wa serikali ya shirikisho huko anaweza kurudishiwa hadi asilimia 10 ya bei aliyouzia, mradi asaini kwamba atatumikia miezi 12 na akamilishe mauzo ndani ya mwaka mmoja, muda unaoweza kuongezwa. Hata huko, bei ya nyumba ikishuka, hasara ni ya mwenye nyumba.

Dhana: Kila anayehamishwa hulipwa.

Soma barua yako. Aliyehamishwa na mwajiri kwa manufaa ya umma ana haki ya malipo. Aliyeomba mwenyewe, tuseme kumfuata mwenza Mwanza, anajigharamia.

Dhana: Nyumba ina jina langu, nauza nitakavyo.

Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Baba kapangiwa Mtwara na ametangulia. Mama amebaki Gungu na watoto mpaka shule zifungwe. Halafu mama anaona mgeni akipima kiwanja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mauzo ya namna hiyo hupingwa mahakamani, na mnunuzi aliyetoa akiba yake naye anajikuta kwenye kesi. Andikeni ridhaa na muisaini wote wawili mbele ya wakili. Kumficha mwenzako ni kumdhulumu, hata kama haraka ya kuripoti ni ya kweli.

Dhana: Posho ni ya mtumishi tu.

Mwenza anahesabiwa, pamoja na watoto au wategemezi wasiozidi wanne. Beba cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Usivipakie kwenye lori la mizigo.

Dhana: Ukihama lazima uuze.

Hakuna kanuni inayokulazimisha. Kama posho haijaingia na mnunuzi anakubana kwa sababu anajua una haraka, pangisha kwanza, mwenzako akiridhia. Mkataba uwe wa maandishi, na kodi iingie benki au kwenye simu yako ili kumbukumbu za malipo zibaki.